Tundu Bila Uzi

Begi limerudi Jumanne, saa tatu kasorobo,
mkononi mwa Sista Nabwire, ametoka zamu ya usiku.
Hakugomba. Aliliweka mezani kama anayelaza mtoto,
akatia kidole kwenye mshono wa mkanda,
kikatokea upande wa pili.
"Chupa ya chai ilipitia hapa," akasema,
"kwenye ngazi za wodi." Akaenda kulala.

Nimehesabu.
Saba mizuri, mmoja umeruka.
Mitano mizuri, miwili imeruka.
Tundu lipo, uzi haupo.
Kitambaa husahau tundu ukikipiga pasi;
ngozi haisahau.

Kariokor imekwisha kuamka: nyundo juu ya soli,
gundi inapanda puani, mtu anachoma ncha za nailoni kwa kiberiti,
nami nimepiga magoti mbele ya chuma cha kijani
nilichonunua kwa pesa za chama, rangi imebanduka
pale mikono ya wengine ilipopumzika kabla yangu.

Haya. Tuanze na sindano, maana ndiyo husingiziwa kwanza.
Nimeivingirisha juu ya kioo: imenyooka.
Nimeipitisha kwenye ukucha: haikwaruzi.
Ni ya ngozi, ncha ina makali kama patasi,
uzi unapita bila kuomba ruhusa.
Nimeibadilisha hata hivyo, nikaisukuma juu hadi ikagota,
mfereji mrefu kushoto, kibonyeo kikitazama ndoano.
Nikakanyaga pedali.
Mitatu mizuri. Mmoja umeruka.

Kilonzi wa kibanda cha pili akaleta ushauri bila kuitwa.
Kaza uzi. Nikakaza, ukakatika.
Legeza. Nikalegeza, chini ukafuma viota vya ndege.
Labda gundi imeganda kwenye sindano. Nikaifuta kwa spiriti.
"Basi ni jicho la mtu," akasema,
akarudi kwa soli zake.

Nikatazama ngozi. Ilikuwa inapanda na sindano,
kidogo tu, kama blanketi la mtu anayepumua.
Nikaongeza uzito wa mguu, ikatulia,
nikashangilia mapema.
Minane mizuri. Tisa. Kumi.
Wa kumi na moja ukaruka
pale tabaka tatu zinapokutana,
palepale ilipopitia chupa.

Nikazima mota.
Nikang'oa bamba, simu mdomoni iwe tochi,
nikazungusha gurudumu kwa mkono, polepole,
jambo nisilolifanya tangu Januari, oda zilipoanza kunifukuza.
Sindano ikashuka hadi mwisho wake,
ikaanza kurudi, na ubavuni mwake
uzi ukajikunja kuwa kitanzi, chembamba kama nusu ya herufi,
ukangoja.
Ndoano haikuja.
Sindano ikapanda, kitanzi kikajinyoosha kwa aibu,
ndipo ndoano ikapita, inang'aa,
ikakamata hewa.

Chanda na pete, ndivyo nilivyowadhania.
Kumbe walikuwa wakipishana
kwa unene wa kucha.

Nilimkumbuka Kemunto wangu,
husinzia na kiatu kimoja mguuni akiningoja,
nami hufika Huruma kiatu kimeshaanguka.

Skrubu tatu. Bisibisi fupi. Jasho jichoni.
Nimesogeza ndoano mbele kiasi cha punje ya mtama:
sindano ikipanda milimita mbili,
ncha ya ndoano iwe ubavuni, juu kidogo ya tundu,
si kabla, si baadaye.
Nikakaza. Nikazungusha.
Kitanzi kikatoka, ndoano ikaingia ndani yake
bila sauti yoyote.

Nimeshona kipande chakavu, mikunjo minne, urefu wa mkono.
Nimeshona kingine, kwa kutoamini.
Kilonzi amechungulia, akauliza ni nani aliyeondoa jicho.

Ila begi la Sista siwezi kulirudisha kwenye mashine,
matundu yangezidi, ngozi ingechanika kama stempu.
Nimechukua shazia na uzi uliopakwa nta,
nikapita mlemle, tundu baada ya tundu,
kidole kikiuma.

Jioni atalipitia akienda zamu.
Atatia kidole.
Atie.